Neno la Kumwitia Mama

Sakafu ya maktaba ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu, kwa hiyo Bibi Esnath alivua viatu mlangoni akaingia na soksi. Alikuwa ametoka na ukungu kwao Mjimwema, Njombe, akashuka stendi ya Makambako akitetemeka ndani ya sweta mbili. Alikuja kumwuliza mama yake swali moja: amezikwa wapi?

Makaburi ya ukoo wote yalishajengewa kwa saruji. La mama tu halikujulikana lilipo. Mama alikuwa mkunga. Watoto wachanga walipokufa mfululizo msimu mmoja wa baridi, kijiji kilimwita mchawi kikamfukuza, akafia huko alikokwenda. Esnath alikua akipigana na kila aliyelitamka neno hilo. Jino lake la mbele liling'oka kwenye ugomvi wa kisimani, na hajalijutia mpaka leo.

Utaratibu wa maktaba ulijulikana. Kwenye kompyuta mlikuwa na hifadhidata ya makala za watafiti waliopita vijijini zamani kuandika mila za wenyeji. Ndugu wa damu akiandika neno kwa mkono wake, na makala inayomtaja marehemu ikafunguka, marehemu huingia mlangoni akakaa mpaka saa ya kufunga. Juzi mtu wa Mlangali aliandika "wahunzi", babu yake akaja na masizi mpaka kwenye nyusi, akaomba maji ya kunywa.

Bibi Esnath aliandika jina la mama. Hakuja mtu. Akaandika "mkunga". Akaandika "mganga", kisha "Mlutheri", kisha "mama". Mlango haukutikisika, na mhudumu alishaanza kufunga madirisha.

"Bibi," alisema Timoth, mkutubi, kwa sauti ya chini, "mashine haijui mtu alikuwa nani. Inajua aliyeandika makala alimwitaje."

Bibi alielewa papo hapo. Lilikuwa neno lile lile lililomgharimu jino.

"Liandike wewe, mjukuu wangu."

"Kwangu haitakubali, mimi si damu yake. Na saa kumi tunafunga."

"Kwani wenye makala hawawezi kulitoa?"

"Nimewaandikia wenyewe huko ng'ambo, bibi, si mara moja. Wanasema makala ni ya zamani, iachwe ilivyo."

Angeweza kurudi nyumbani, lakini umri wake haukuwa wa kuahirisha mambo, na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Aliliandika herufi moja moja, akilia.

Mlango ulifunguka. Mama aliingia, kijana kuliko binti yake, kanga imelowa umande, wembe wa kukatia vitovu umefungwa kwenye pindo. Alipangusa miguu vizuri kwenye gunia la mlangoni.

"Kamwene, mama," Esnath alimwamkia.

Mama hakuitikia. Alilitazama lile neno kwenye kioo, kisha vidole vya mwanawe.

"Hata wewe, Esnath?"

"Hawakuniachia njia nyingine, mama."

Mama alivuta kiti akakaa. Timoth akajitia kupanga vitabu vilivyokwisha kupangwa. Kisha mama akasema amelala upande wa Igwachanya, kwenye mteremko uliolimwa viazi, chini ya jiwe kubwa lililopasuka. Saa kumi ilipofika aliondoka bila kuaga.

Kaburi lilijengwa kabla ya Pasaka. Timoth aliwaandikia tena wa ng'ambo, jibu likawa lile lile. Bibi Esnath akawa anakwenda Makambako kila Alhamisi kuliandika neno lile, na mama huja, siku hizi hata salamu anaitikia.

Mjukuu wake Priska alipojifungua, wakampeleka mtoto maktaba akaonwe na mama. Bibi alikaa kwenye kompyuta akimweleza Priska habari za uji wa mzazi, kwamba usiwe mwepesi na usipoe. Vidole vyake viliandika neno lile vyenyewe, bila yeye kuvitazama, na kabla hajamaliza habari za uji mama alikuwa ameshafika.