Fremu Zilizobaki kwa Tausi

Jumanne asubuhi, baada ya kusuka vichwa viwili na kuosha cha tatu, Shangazi Gia alizima kompyuta yake, akaifuta vumbi kwa taulo la saluni, akamwambia Fundi Miwani aanze kufungua skrubu.

Kompyuta hiyo ilikaa kati ya sinki na mashine ya kukaushia nywele, na mtaa mzima uliijua. Shangazi Gia alicheza gemu la mbio za magari. Jina alilipata humo, maana kwenye kona, wenzake wakipunguza mwendo, yeye alipandisha gia. Wateja walisukwa huku wanashangilia. Wengine walikuja nywele zao hazina tatizo lolote, wakavuta kiti, wakapata mbio na umbea kwa pamoja.

Kando ya dirisha alikaa mama yake, ambaye kila mtu alimwita Bibi. Zamani Bibi ndiye aliyekuwa kocha. "Kata kona! Unamwogopa nani?" Kisha kiharusi kikampata, na kwa miezi kumi na moja hakutoa neno. Kila Alhamisi alikuja mtaalamu wa matamshi kumzoesha, na kila Alhamisi Shangazi Gia aliacha kichwa cha mtu nusu, akasimama mbele ya mama yake, chanuo mkononi, akisubiri. Hakutaka makubwa. Alitaka kuisikia tena sauti ile, hata kama ingekuja kumgombeza.

Kadi ya michoro, kile kipande kinachochora picha za gemu, ilikuwa ya kampuni ya Tausi. Alikuwa mteja wao miaka tisa. Kila walipotuma maboresho, kadi ilizidi kuchoka, mpaka magari yakawa yanaruka kama vyura. Kadi yao mpya nayo ilikuwa ndefu kuliko kasha la kompyuta, ikataka waya wa umeme wa peke yake na skrini ya peke yake.

"Yaani nibomoe nyumba ili niingize kitanda?" Shangazi Gia aliuliza.

Akanunua ya kampuni nyingine, Ngamia, ambayo iliingia mahali pake bila kumsumbua mtu.

"Umemwacha tausi, umepanda ngamia," alisema Mama Dawa, jirani mwenye duka la dawa, aliyekuwa na rangi kichwani tangu saa mbili. "Mwenzetu umekosa nini?"

"Ngamia hana manyoya ya kuringia. Lakini anafika."

Wakavunjika mbavu. Fundi Miwani, aliyeanza ufundi wa kompyuta nywele zake zikiwa bado nyeusi, alifuta programu zote za Tausi, akaweka za Ngamia, akawasha. Barabara ya gemu ikateleza kama mafuta. Akawaeleza kwamba sasa zinapita fremu mia moja na arobaini kila sekunde, yaani picha moja moja zinazokimbizana hadi jicho linaona mwendo mmoja. Shangazi Gia alishinda mbio tatu mfululizo, na wateja wawili walikunywa soda kwa heshima ya ngamia.

Jumatano ndipo picha zilipoanza kupungua, na hazikuwa za gemu. Shangazi Gia alianza msuko mmoja, akakuta minne imekwisha.

"Nani kasuka hii?"

"Wewe, Shangazi," mteja alimjibu. "Umesuka huku unanieleza habari za yule mpangaji na mke wa mwenye nyumba."

"Nimekueleza yote?"

"Mpaka ya dirishani."

Hakukumbuka hata neno. Hakuwa amesinzia wala kuzimia. Mikono ilifanya kazi, mdomo ulifanya kazi, ila kwake yeye kipande hicho cha siku hakikuwepo. Alikuwa kwenye sinki, kisha alikuwa mlangoni, na katikati hapakuwa na kitu. Mama Dawa alikaa na saa, akapata hasara ya dakika nne katika kila saa.

Fundi Miwani aliitwa. Alimwangalia machoni kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona bomba linavuja mahali pale pale.

"Ni Tausi. Ukiwahama, wanakupunguzia. Nina mteja mmoja alikosa hotuba yote ya harusi yake. Mwingine hajawahi tena kutafuna. Chakula kiko kwenye kijiko, halafu kiko tumboni."

"Na wewe hukuniambia?"

"Wengine wanapunguziwa kidogo, Shangazi. Nilidhani utakuwa wa kidogo."

Shangazi Gia akapiga simu huduma kwa wateja ya Tausi, akaweka sauti ya juu ili saluni nzima isikie. Dada wa upande wa pili alikuwa na sauti laini kama losheni.

"Ni kweli, mama. Mteja aliyehama hupunguziwa fremu. Ipo kwenye masharti, ukurasa wa arobaini na moja."

"Fremu za gemu, au za maisha yangu?"

"Masharti yanasema fremu zote, mama. Ulibofya Nakubali."

Alibofya kweli, miaka tisa nyuma, rangi ya nywele ikiwa imemjaa vidoleni, mteja akilia kwamba kichwa kinamuwasha. Nani amewahi kusoma kurasa arobaini na moja huku kichwa cha mtu kinawasha? Wao walijua hakuna. Ndiyo maana sharti hilo waliliweka ukurasa wa arobaini na moja.

Alhamisi mtaalamu wa matamshi alikuja saa nne kama kawaida. Saluni ilikuwa imejaa. Watu kumi na mmoja, ukimhesabu aliyekuwa chini ya mashine. Shangazi Gia alisimama mbele ya mama yake, chanuo mkononi. Bibi alimtazama. Midomo yake ilianza kutetemeka.

Kisha chanuo kilikuwa sakafuni, na watu wote walikuwa wanalia.

"Kasema!" Mama Dawa alipiga kelele, akimkumbatia. "Bibi kasema! Jamani, kasema!"

"Kasema nini?"

Mama Dawa akamwachia, akamtazama usoni.

"Shangazi," mtaalamu alimwambia polepole, "alikuwa anakutazama wewe."

Alikuwa ameandika kwenye daftari lake, na wote kumi na mmoja walithibitisha, hakuna aliyetia chumvi. Bibi alisema: "Mwanangu, kaa chini. Umechoka."

Shangazi Gia alipiga magoti. "Mama, rudia. Mara moja tu."

Bibi alipunga mkono, kama alivyokuwa akifanya zamani mtu akimuuliza jambo alilokwisha kulijibu. Mtaalamu alieleza kwamba sentensi ile ilimchukua Bibi miezi kumi na moja kuipandisha, na ya pili huenda ingechukua zaidi, au isije. Tangu siku hiyo Bibi alimtazama bintiye kwa uso wa kuudhika. Alikwishasema, na mtoto bado amesimama.

Baada ya wiki mbili Mama Dawa alirudi kutoka mjini, hakuvua hata viatu.

"Nimemwona Bibi."

"Bibi huyu hapa."

"Nimemwona kwenye duka kuu la Tausi. Ukutani."

Walikwenda watu kumi na wanane. Juu ya kadi zilizopangwa ndani ya vioo palikuwa na skrini pana kama ukuta wa chumba. Ilionyesha mtu akitoa hotuba ya harusi, kila tone la jasho la paji lake likionekana. Ikaonyesha kijiko kikienda mdomoni. Ikaonyesha vidole vikisuka, na Shangazi Gia akavitambua, ni vyake. Kisha akaja Bibi, mwenye mwanga wa dirisha shavuni, akionekana kutoka pale pale aliposimama bintiye siku ile. Hata unywele mmoja uliochomoza kwenye nyusi ulionekana. Midomo ikatetemeka, ikafunguka, ikasema, ikafunga. Hapakuwa na sauti.

Meneja wa duka alikuja akitabasamu, mikono ameikutanisha.

"Nzuri, eeh? Wateja wanaipenda sana hii. Ni mfano bora kabisa wa ulaini wa picha."

"Huyo ni mama yangu."

"Hongera sana, mama. Ana uso mzuri."

"Naomba sauti yake. Picha bakini nayo. Nipeni sauti."

"Sauti hatuna. Tausi ni kampuni ya picha."

"Kwa hiyo sauti iko wapi?"

Meneja alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapo kwa kweli hatujui ilikokwenda. Sisi hatuihitaji."

Hapo damu iliwachemka wote kumi na wanane. Mama Dawa alimwita meneja majina ambayo duka la dawa haliuzi tiba yake. Fundi Miwani aliuliza kama mteja akirudi kwa Tausi atarudishiwa. Meneja alisema akirudi atapata fremu mpya zote, bila kasoro. Za nyuma zilikwisha kuwa mali ya maonyesho. Kisha akawagawia kofia zenye picha ya tausi, moja moja, na zikatosha.

Wakapeleka malalamiko ofisi ya kutetea wanunuzi. Ofisa aliwasikiliza, akakasirika pamoja nao, akasema hilo halikubaliki hata kidogo. Akainua muhuri. Kisha akawauliza wao ni nani na wanahitaji msaada gani. Ikabainika kwamba naye alimhama Tausi, akanunua Ngamia mwaka jana. Walimweleza upya mara tatu, na mara tatu muhuri uliinuliwa. Ofisi ilifungwa saa tisa na nusu.

Shangazi Gia hakurudi kwa Tausi. Alisema hawezi kumlipa mwizi ili asimwibie tena. Aliendelea kusuka, aliendelea kushinda mbio, na wateja walizoea kumsimulia saa yake ilivyopita: ulicheka, ulimtukana yule wa gari jekundu, ulikunywa chai. Alisikiliza, akashukuru.

Ila kila Alhamisi, saa ile ile ya nne, anakwenda mjini. Bibi hutokea ukutani kila baada ya dakika ishirini, kati ya mtoto anayesinzia na kile kijiko. Kabla yake hupita maandishi makubwa ya dhahabu: Usikose hata fremu moja. Shangazi Gia humtazama mdomo. Maneno anayajua, kwa hiyo huyapanga mwenyewe kwenye midomo, moja moja.

Alhamisi ya nne, mlinzi wa duka, mtu mzima mwenye miguu ya kusimama kutwa, alimletea kiti cha plastiki.

"Mama, nakuona unasimama muda mrefu."

"Ahsante, kaka."

"Ila usikisogeze mbele. Meneja anasema utawazibia wanunuzi."

Alisubiri, bado amesimama kando ya kiti. Yakapita maandishi ya dhahabu. Bibi akatokea, akamtazama, akafungua mdomo, akamwambia. Shangazi Gia akakaa.