Alichosema Marselo kuhusu Yaniro

Marselo aliporudi kisiwani Polowat peke yake kutoka kuwinda kasa kwenye kisiwa cha Pikelot, alisema kosa lilikuwa la Yaniro.

"Aliidharau mashine yangu ya satelaiti ya kuonyesha njia, akataka tufuate mawimbi," aliwaambia wazee kwenye nyumba ya mitumbwi. "Tukapotea. Kiu ikampanda kichwani, akajirusha majini."

Yaniro alikuwa mtoto wa Sappo, aliyewafundisha wanaume wengi wa kisiwa chetu kuvuka bahari. Tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea Sappo mwanawe afundishwe tena. Mzee alilala akigeukia ukuta, hakuinuka, na mwaka ule ule tukamzika. Akabaki Letiwan, binti yake. Baba alikuwa amemfundisha kila kitu kimyakimya, maana kwetu mwanamke haongozi safari. Letiwan hakubishana na mtu. Alisubiri.

Kisha kukatokea msiba Houk, kisiwa cha kusini mwetu, na boti pekee iliyokuwa na petroli ilikuwa ya Marselo. Wakaondoka watatu kwenda kuzika: Marselo, mjomba wake mzee Sotero, na Letiwan.

Katikati ya safari mvua ikafunga mbingu. Wimbi likawavamia, mashine ikapepesa, ikazimika. Marselo aliitikisa, akaipuliza, akaifuta kwa shati. Wapi.

"Si mbali," alisema. "Njia naijua."

Letiwan alikuwa ameketi sakafuni, viganja vyake kwenye mbao. Tangu asubuhi wimbi kubwa la mashariki lilikuwa likiwasukuma ubavu wa kushoto. Sasa lilikuwa linainua tezi, nyuma ya boti. Walikuwa wanakwenda magharibi, kwenye maji matupu. Akafungua kifurushi chake, akala magimbi.

Petroli ilipoanza kwisha, Sotero alimgeukia. "Binti, wewe ni mtoto wa Sappo. Sema neno."

"Mimi? Si ndio sisi tunaopoteza watu, mzee? Nahodha yule pale."

"Dada yangu, tafadhali," Marselo akasema.

"Dada yako nani? Kaka yangu alikufaje?"

"Nilishasema."

"Haya, endesha."

Akaendesha. Letiwan akalamba vidole. Hatimaye Sotero akamkamata mpwa wake shati. "Tutafia hapa, mpumbavu wewe! Mjibu!"

Marselo akaanza kulia. "Mashine ilizimika yenyewe. Yaniro akasema tugeuke. Nikakataa, akashika usukani, nikampiga kasia. Akaanguka."

"Akazama?" Letiwan akauliza.

"Alikuwa anaogelea."

"Ukamrudia?"

Marselo akafuta machozi kwa shati.

"Nakuuliza, Marselo. Na wewe ulifikaje nyumbani?"

"Niliogopa kumrudia. Angewaambia watu." Akafunika uso. "Nikafuata kule alikokuwa amenionyesha."

Sotero aliachia shati. Letiwan alimtazama Marselo, akaona jinsi ilivyokuwa rahisi: msukumo mmoja tu. Mikono ilimwasha. Lakini mtu aliyezama hawezi kusikia watu wakimsema, naye alitaka Marselo asikie.

"Toka hapo," alisema. "Kaa mbele, unitazame."

Akashika usukani, akageuza mpaka wimbi likaja kuwapiga omo, mbele ya boti, akarudi mashariki taratibu kulinda petroli. Ndege weupe wakapita juu yao wakirudi nchi kavu, akawafuata. Minazi ya Houk ikainuka mbele. Waombolezaji walikuwa wamejaa ufukweni.

"Kabla hujakanyaga mchanga," Letiwan alimwambia, "sema tena. Kwa sauti."

Akasema, maji yakiwa magotini. Mama mmoja aliokota jiwe.

Waliporudi Polowat, ukoo wa Marselo ulikwenda kwa Letiwan kuomba radhi kama desturi inavyotaka, ukibeba nguo za kufuma na unga wa manjano. Walikaa chini, vichwa vimeinama.

"Binti, amekiri," Sotero alisihi. "Imetosha."

"Kaka yangu aliogelea mpaka saa ngapi, mzee?"

Letiwan akamwaga manjano mchangani, akazikanyaga zile nguo.

Marselo alitaka kuondoka na meli ya serikali ahamie mji wa Weno, asikojulikana. Letiwan alikwenda mwenyewe kwa wazee na ombi moja: asipewe nafasi kwenye chombo chochote. Wazee wakakubali.

Yupo mpaka leo. Anaokota nazi, anakula peke yake. Watoto humwuliza Yaniro alimwonyesha wapi, na yeye hunyoosha mkono, kwa sababu asiponyoosha hawaondoki.