Namba za Pembeni mwa Mkanda

Njia ya mwongo ni ndefu. Mjomba wangu ameitembea miaka kumi na minne, na soli za viatu vyake hazijalika.

Mjomba ni mpiga picha wa kujifurahisha, kama anavyopenda kutukumbusha, maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kumwomba ampige picha. Enzi za mikanda alikuwa na kamera nzito ya chuma iliyomning'inia tumboni kama kengele ya ng'ombe. Kila ukoo ulipokutana tulisimamishwa juani, yeye akipima mwanga, akirudi nyuma hatua mbili, akipima tena. "Picha ni subira," alituambia. Watoto walilia, wazee walisinzia wakiwa wima, naye akafumba jicho moja na kungoja. Sijui alingoja nini.

Zilipoingia kamera za dijitali alizitukana mwaka mzima. Kamera za wavivu, alisema. Kamera za watu wasioweza kuhesabu mpaka thelathini na sita. Kisha akanunua moja, na ndani ya wiki akawa mtu anayepiga picha kumi na moja za kitasa cha mlango, akiinamia kioo cha nyuma baada ya kila moja kuhakikisha imo. Nilicheka. Sikujua bado hofu ile ilitoka wapi.

Ile kamera ya chuma alinirithisha mimi, "ujifunze adabu". Nikamaliza mkanda wangu wa kwanza, nikaupeleka kwa Fundi Giza.

Jina hilo alilipata kwa sababu ya chumba alichofanyia kazi. Ndiye pekee mjini aliyebaki na dawa za kusafishia mikanda, na nyumbani kwetu hatajwi. Babu alipotoka hospitali mara ya mwisho, ukoo mzima ulijipanga uani, yeye katikati na koti lake la kijivu, mkono begani kwa bibi. Mjomba akapiga mkanda mzima. Wiki tatu baadaye babu akafa, na mjomba akaja mikono mitupu. "Giza kaziunguza," alisema. Fundi alipofika msibani kutoa pole, bibi alimrudisha mlangoni. Ni majirani, wanatenganishwa na ukuta mmoja tu, na tangu siku ile bibi hajamwitikia salamu. Picha ya mwisho ya mumewe hana.

Kwa hiyo nilikwenda kwa kificho. Kesho yake fundi akanikabidhi mkanda wangu, umesafishwa na hauna kitu, rangi ya chai isiyotiwa maziwa toka mwanzo mpaka mwisho.

"Haukushika, binti," alisema. "Ncha imechomoka kwenye meno ya gurudumu. Umepiga picha thelathini na sita za hewa."

"Mbona kihesabio kilikuwa kinahesabu?"

"Hicho kinahesabu tu. Hakijali kama mkanda unatembea."

"Labda umeungua."

"Ungeingia mwanga ungekuwa mweusi kama mkaa. Na mimi ningekosea dawa, hizi usingeziona." Ukucha wake ukapita pembeni mwa mkanda, juu ya vinamba vidogo: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na sita. "Hizi zinatoka kiwandani. Dawa ikifanya kazi, zinajitokeza. Namba zipo, watu hawapo. Basi kosa ni la aliyeshika kamera."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikajifunza kutazama kikono cha kushoto juu ya kamera kama kinazunguka kila ninapovuta mkanda; kisipozunguka, mkanda hautembei. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Mwezi uliopita mjomba aliniletea boksi la mikanda yake niiingize kwenye kompyuta. Bibi alikuwa anatimiza miaka themanini, na mjomba alitaka kutuonyesha kazi zake kwenye televisheni. Chini kabisa ya boksi nikakuta bahasha ya Fundi Giza, yenye tarehe ya wiki ile aliyokufa babu. Mjomba hatupi kitu, hata ushahidi. Nikauinua mkanda dirishani. Rangi ya chai. Pembeni: moja, mbili, tatu, mpaka thelathini na sita.

Nikarudi kwa fundi. "Ulimwambia mjomba kwamba haukushika?"

"Siku ile ile. Akaomba nimwachie amwambie mwenyewe mama yake."

"Ukamwachia?"

"Nilishaahidi."

"Na sasa?"

"Nangoja."

Subira ya namna hiyo nayo siiheshimu sana, lakini angalau aliyeumizwa nayo ni yeye mwenyewe.

Siku ya bibi ilipofika, mjomba alisimama kando ya televisheni kama mwalimu wa zamu, akitupitisha kwenye picha moja baada ya nyingine. "Nyie mmezaliwa raha," akawaambia vijana. "Wakati wetu, ukimpelekea Giza ukoo wako, anakurudishia majivu." Wakacheka. Bibi hakucheka. Alitazama ukuta, ule wa upande wa fundi.

Nikautoa mkanda mfukoni. "Bibi, vaa miwani, njoo dirishani unisomee namba."

"Namba gani tena, mjukuu wangu? Mimi karani?"

"Hizi za pembeni."

Akasoma moja, mbili, tatu, kwa sauti ya kumridhisha mtoto. Alipofika kumi na mbili nikamweleza zinavyojitokeza, na kwa nini babu hayumo. Nilieleza polepole. Mjomba anapenda subira.

"Hayo mambo ya kitaalamu," mjomba alisema. "Huyu kashika kamera juzi."

Bibi hakugeuka. "Ulijua?"

"Mama, leo siku yako, tusiiharibu."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Mjomba akainamia kioo cha kamera yake, akabonyeza, akabonyeza tena, kana kwamba jibu lilikuwa humo katikati ya vitasa. "Nilitaka kukwambia," alisema mwishowe. "Kila siku nilitaka."

Bibi akauliza viatu vyake viko wapi. Alitoka bila fimbo, na kupitia dirisha lile lile nikamwona amesimama mlangoni kwa jirani. Alibisha mara moja, akangoja.

Mama alinifuata jikoni. "Umemvua nguo kaka yangu mbele ya watu."

"Zilikuwa nguo za Fundi Giza."

"Usinichekeshe. Mkubwa haumbuliwi hadharani."

"Na fundi mlimtukana wapi miaka yote hiyo, mama? Chumbani?"

Akapanga vikombe ambavyo vilishapangwa. "Mjomba wako yuko sebuleni anakungoja. Mwambie samahani, yaishe. Itakuua?"

Haitaniua. Lakini na yeye angoje, si alitufundisha mwenyewe subira. Siombi radhi.