Wino wa Maganda ya Ndizi

Ndyamukama alivuka mto Kiruruma salama, lakini kwenye mteremko wa kuingia kijiji cha Mabira baiskeli ilimtupa. Alipoinuka, sanduku lake la chupa lilikuwa limepasuka, na dawa yote aliyotoka nayo Makerere ya kupimia maji ilikuwa imenywewa na vumbi. Ulikuwa mwaka 1953, na utafiti wake wa chemchemi za Karagwe ulikuwa haujafika hata nusu.

Akaendelea kwa miguu mpaka kwenye chemchemi, akamkuta mjane mmoja, Kobugabe, akijaza mtungi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayeyapeleleza maji?"

"Ndiye mimi. Mbona nasikia haya hayanywewi?"

"Ukiyachota ni meupe kama machozi. Yakikaa mtungini hadi mchana, yanakuwa mekundu. Watu wanaogopa. Mimi nanyweshea ndama tu."

"Huenda yana chuma," alisema Ndyamukama. "Ila dawa ya kunihakikishia imemwagika."

Kobugabe alifikiri kidogo. "Siku moja niliacha maganda ya ndizi mbichi ndani ya maji haya. Yaligeuka meusi kama wino. Ya bondeni hayafanyi hivyo."

Kijana alimkodolea macho. Utomvu wa ganda na chuma, vikikutana, hufanya weusi! Alikuwa amevisoma darasani, asivione kamwe jikoni.

"Mama, maganda yapo?"

Walitwaa kikapu kizima. Kwenye kilima cha chemchemi hiyo maji yalichuruzika mahali patatu, wakakinga kila pahali kwa bakuli, wakatia maganda, wakangoja. Bakuli la kwanza likawa jeusi tii. La pili likawa la kijivu. La tatu, lililokingwa hatua thelathini juu, chini ya mwamba mweupe, halikubadilika hata jua lilipofika utosini.

"Kilima kimoja," Kobugabe aliuliza, "maji yanatofautianaje?"

"Labda haya yanapita kwenye mwamba, yale kwenye udongo mwekundu. Sijui bado."

"Hata Makerere hawajui?"

"Ndiyo maana nimekuja."

Wanakijiji walichimba chini ya ule mwamba, wakajengea mawe. Mwezi haukuisha, foleni ya mitungi ikahamia huko.

Ndyamukama alizunguka na kikapu chake hadi Bweranyange, akiandika weusi wa kila bakuli. Profesa wake alimwandikia barua kali: "ganda" ni kipimo gani? Alijibu kwa kurasa mbili, jina la Kobugabe likiwa kwenye mstari wa kwanza.