Vipande vya Tairi Kati ya Springi

Hawakuwa wamemaliza hata kilomita mbili kutoka Fizi-Centre, na Ketsia alikuwa ameshalia mara tatu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, damu ilianza kutoka asubuhi, na daktari alisisitiza jambo moja tu: afike hospitalini mjini Baraka akiwa amelala, asitikiswe.

Koko Immaculée alikuwa amekipakata kichwa cha Ketsia, mjukuu wake. "Baba Isidore," alimwambia dereva, "simama kwanza. Gari yako iko inapiga kama mbao."

Isidore alisimama. Aliinama chini ya gari, akamwonyesha Koko springi za nyuma, chuma kinene kilichoviringishwa kama kamba. Kati ya mizunguko alikuwa amebana vipande vya tairi.

"Springi inakutaga shimo, inajifinya, kisha inajinyoosha. Mutikisiko inaishia hapo," alisema kwa aibu. "Mi niliiziba, Koko, gari isilale na mizigo. Sasa haiwezi kujifinya. Kila shimo inafika kwa mutoto."

"Basi utoe."

"Nikitoa, magunia itaikalia mpaka chini. Itakuwa ile ile."

Magunia kumi ya mahindi nyuma yalikuwa ya Tania, mfanyabiashara aliyeketi mbele. Tania alishuka, akamtazama Isidore. "Miezi yote hii mugongo inaniuma, nasema ni uzee. Kumbe ni we na matairi yako." Kisha akaanza kuvuta gunia la kwanza mwenyewe.

Isidore aliinua gari kwa jeki, springi zikanyooka, akavichokoa vile vipande kwa nondo. Magunia mawili aliyaacha ndani. "Tupu kabisa itaruka kama mbuzi," alieleza. "Springi inataka uzito kidogo."

Tania alivua kitenge chake cha juu, akakikunja chini ya kiuno cha Ketsia, akabaki kando ya njia kulinda mahindi. Mawingu yalikuwa yamejaa.

Kuanzia hapo gari lilizama shimoni na kuinuka pole pole. Ketsia alikuwa ameushika mkono wa Koko kwa nguvu. Kabla ya kufika Baraka, kando ya ziwa, vidole vyake vililegea, akasinzia.

Hospitalini, muuguzi alisikiliza tumbo kwa muda mrefu. "Moyo wa mutoto iko inapiga muzuri," alisema. "Na damu imepungua."

Koko alitoka nje. Isidore alikuwa bado amesimama karibu na mlango, ufunguo mkononi, hakutaka kuondoka bila kujua.

"Bote babiri ni bazima, mama na mutoto," Koko alimwambia. "Enda sasa umuchukue Tania, mvua isimukute."