Misuko Chini ya Barakoa

Mtaalamu wa mionzi alijaribu kuifunga ile barakoa ya plastiki, iliyofinyangwa kwa umbo la uso wa mdogo wangu, ikagoma. Akapapasa kisogo cha mdogo wangu, kwenye misuko minene niliyomsuka jana.

"Misuko hii ni mpya?"

"Ulitaka aje na ya zamani?" nikamjibu. Mimi msusi, ukigusa kazi yangu umenigusa pabaya.

"Mama, hivi hatuwezi kumtibu."

Weee! Hasira zikanipanda hadi utosini. Nikamwambia uvimbe ulio nyuma ya jicho hausubiri mtu. Mionzi ya kawaida ulishaishinda, na hapa ndipo penye tegemeo letu la mwisho.

Akavuta kiti, akaketi.

"Mionzi yetu si ya kawaida, ni chembe ndogo mno; zikifika kwenye uvimbe, zinamwaga nguvu zake hapo na kusimama. Hazitokezi upande wa pili. Seli jirani zinapata kidogo tu, na nyingi hujitengeneza zenyewe. Lakini misuko hii imeinua kichwa, shabaha imehama. Tukipiga hivi, tutaunguza mshipa wa kuonea. Uvimbe utakufa, naye atabaki chongo."

Nikanywea. Mdogo wangu ni fundi saa, na jicho hilo la kulia ndilo linalomlisha.

"Nilisema nataka kupendeza," akasema kutoka kitandani, "sikusema unijengee ghorofa kichwani."

Tulicheka. Nikamfumua pale pale kwenye benchi la nje, nywele za bandia nikazitia mfukoni. Aliporudi ndani, barakoa ikafunga.

Alimaliza matibabu yote. Ngozi ya kipaji cha uso ikawiva, nyusi ya kulia ikapukutika, na jicho likawa kavu, likaanza kuona ukungu. Daktari akasema hao ndio majirani wa uvimbe walioonja moto. Huenda wakapona, huenda wasipone, tuvute subira. Subira gani? Nilikuwa najifungia chooni nalia.

Leo katuonyesha picha: uvimbe umesinyaa. Nikasema alhamdulillahi, sasa niambie jicho. Akamfunika la kushoto, akamwambia anitazame.

Mdogo wangu akanikodolea. Akasogea, akakodoa tena.

"Dada," akasema, "una ndevu mbili kidevuni."

Nikampiga kofi la bega, nikaangua kilio mbele ya daktari bila haya, nikamwambia azihesabu tena.