Nilivyomzungusha Sikudhani Juu ya Dole Gumba

Jana nilipojifunika shuka tu, niliota niko kwenye chumba cha mtihani, nimevaa msuli, na sikuona ajabu yoyote. Watu wazima wenye akili zao huota wamefeli hesabu. Mimi niliota nafanya mtihani wa kuzungusha kalamu vidoleni, fani adhimu niliyoisomea mwezi mzima sebuleni, huku mke wangu Sikudhani akiniambia mambo ambayo sikuyasikia hata moja.

Msimamizi ni kifuniko cha kalamu, cha buluu, kimetafunwa upande mmoja. Kinakohoa.

"Kanuni unaijua?"

"Usiikabe," najibu, kama nilivyofundishwa na video za simu. "Isukume kwa kidole cha kati, iache izunguke dole gumba, kisha idake. Kinachotoka mkononi kisiporudi, si chako tena."

"Hongera. Kwa kukariri hatujambo. Lete mkono."

Naunyoosha. Badala ya kalamu wananiwekea Sikudhani juu ya vidole, urefu ule ule wa kalamu, kajifunga kanga, mkoba wa safari kwapani.

"Mama Chiku, unakwenda wapi?"

"Kwetu Pangani, na sirudi. Nilikuaga juzi, ukasema 'sawa' bila kuinua macho. Haya, zungusha, basi litaniacha."

Niliogopa. Sitaki kujifanya dume hapa. Nikamkaba.

"Anakaba!" zinazomea kalamu zilizokaa kwenye madawati.

"Unaniumiza," anasema Sikudhani.

Dole gumba langu linainama, linaninong'oneza. "Bwana mkubwa, mwezi mzima umenigonga kwa plastiki, sikulalamika. Lakini huyu ni shemeji. Mwachie azunguke. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

"Asiporudi?"

"Utabaki na kalamu. Si ndiyo uliyokuwa unaitazama?"

Chumba kimekuwa jiko letu, hakuna aliyeona haja ya kuniarifu. Kifuniko kimehamia juu ya sufuria ya maharage na bado kinasimamia. Maharage yananitazama kwa dharau.

"Sikudhani," nauliza, "ni nini kingine ulichoniambia ambacho sikukisikia?"

Anafikiri. "Kwamba nyumba ile ina watu wazima wawili, na anayezungumza ni mmoja."

"Hicho nimekisikia."

Nilikuwa namtazama usoni, si vidole, na ilinisikitisha kuona amekonda, sijui tangu lini.

Namsukuma, namwachia. Anapanda dole gumba polepole, kanga inapepea, anapotelea nyuma ya ukucha. Kalamu zinasimama kutazama. Hata maharage yanaacha kuchemka. Anakawia huko nyuma kuliko kalamu yoyote niliyowahi kuizungusha. Kisha kitu kinaangukia kiganjani, nami nafumba vidole.

"Umemdaka," kinasema kifuniko, "ila umemgeuza. Nusu alama."

Nikaamka, jasho linanitoka, jua limeshaingia dirishani. Juu ya mto wa Sikudhani palikuwa na nyayo mbili. Kichwa chake kilikuwa upande wa miguuni, na kifundo cha mguu wake kilikuwa kiganjani mwangu.

Akainuka kidogo, akatazama dari, akatazama ukuta, akanitazama mimi.

"Baba Chiku, mbona nina kizunguzungu?"

"Nimekugeuza, mke wangu. Nisamehe."

"Si neno," akasema, akajilaza tena na kufumba macho. "Ila mguu usiuachie kwanza."